Metali Ijuayo Kushoto na Kulia

Mwishoni mwa mwaka 1879 Unguja iliunganishwa na dunia kwa waya. Waya huo ulitoka Aden, ukapita chini ya bahari hadi kisiwani, ukaendelea Msumbiji mpaka Durban, na tangu hapo habari za bei ya karafuu ziliweza kufika London kabla ya karafuu zenyewe. Ndani yake mlikuwa na shaba, lakini shaba peke yake isingefua dafu kwenye maji ya chumvi. Iliyoilinda ni gutapecha, utomvu wa miti ya misitu ya Malaya, Borneo na Sumatra. Ukiutumbukiza utomvu huo katika maji ya moto unalainika kama unga uliokandwa. Ukipoa unakakamaa kama ngozi kavu, haupitishi umeme, na bahari haiuli.

Miaka hiyohiyo, katika maghala ya mji uleule, wafanyabiashara walikuwa wakipima utomvu mwingine. Huu ulitoka bara, kwenye mimea itambaayo ya jamaa ya mbungo. Mmoja wa mimea hiyo wanabotania waliuita Landolphia kirkii, kwa heshima ya John Kirk, balozi wa Uingereza aliyekaa Unguja. Wavunaji walichanja shina, wakaacha utomvu ugande, wakauviringisha ukawa madonge, na madonge yakapakiwa kwenda Ulaya. Sisi tunauita mpira, na kwa jina hilohilo tunakiita kile kitu cha duara kinachovunja vioo vya majirani. Lugha imeona mbali: sifa ya kwanza ya kitu hiki ni kwamba kinadunda.

Sasa weka donge la mpira na kipande cha gutapecha mezani, ubavu kwa ubavu. Kimoja ukikivuta kinarefuka na kurudi. Kingine hakivutiki, ukikilazimisha kinaacha alama. Mkemia akivipima atakuta jambo la kushangaza: vyote viwili vimejengwa kwa kaboni na haidrojeni tu, kwa uwiano wa atomu tano kwa nane. Michael Faraday aliupata uwiano huo kwenye mpira tangu mwaka 1826. Vyote ni minyororo mirefu ya kipande kimoja kinachojirudia, isoprini. Hakuna kilichoongezwa wala kilichopunguzwa.

Tofauti iko kwenye ubavu. Katika kila kipande cha mnyororo kuna mahali ambapo atomu mbili za kaboni zimeshikana kwa mikono miwili, na mshiko huo hauzunguki. Kwenye mpira, mnyororo unaingia na kutoka upande uleule wa mshiko; kwenye gutapecha unaingia upande mmoja na kutokea wa pili. Basi. Minyororo ya mpira inapinda hapa na pale, haipangiki, inabaki imesokotana kama nyuzi kwenye kapu, na ukiivuta inataka kurudi kwenye msokotano wake. Ya gutapecha imenyooka zaidi, inalala sambamba kama fito za ukuta, inajipanga kuwa fuwele ngumu.

Miti ilijua kuchagua upande mamilioni ya miaka kabla ya kiwanda chochote, kwa sababu ina vimeng'enya vinavyoshika kila kipande kwa mkao mmoja kabla ya kukiunganisha. Wakemia hawakuwa na mkono wa namna hiyo. Walipoiunganisha isoprini wenyewe walipata mchanganyiko wa pande zote, kitu ambacho si mpira wala si gutapecha. Mkono ulipopatikana, karibu na miaka ya katikati ya karne ya 20, ulikuwa wa metali, na aliyeupata hakuwa akiutafuta.

Karl Ziegler alipoitwa mwaka 1943 kuongoza taasisi ya utafiti wa makaa ya mawe mjini Mülheim an der Ruhr, Ujerumani, alikubali kwa sharti moja: aachwe achunguze anachotaka, hata kama hakihusiani na makaa. Uhuru huo ulimfikisha kwenye misombo ya aluminiamu inayowaka moto yenyewe ikiguswa na hewa, kazi ambayo si ya mtu mwenye pupa. Aligundua kwamba gesi ya ethilini inaweza kujipenyeza kati ya aluminiamu na kaboni iliyoshikwa nayo, molekuli moja baada ya nyingine, mnyororo ukirefuka kutokea mzizini kama nywele. Tatizo ni kwamba mnyororo ulikatika mapema. Ulifika urefu wa mafuta na nta, haukufika plastiki.

Plastiki ya ethilini yenyewe, polithini, ilikuwapo. Wakemia wa kampuni ya ICI waliipata huko Winnington, Uingereza, mwaka 1933, lakini kwa kuibana gesi kwa shinikizo la zaidi ya mara elfu moja ya lile la hewa. Na mnyororo uliotoka ulikuwa na matawi mengi, hivyo plastiki yake ilikuwa laini. Sehemu ya mifuko myepesi ya sokoni, ile rambo, iliyopigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019 ina nasaba ndefu inayorudi kwenye matawi hayo.

Kisha siku moja, katika maabara ya Mülheim, jaribio lilikwenda kombo. Badala ya minyororo, mwanafunzi wa Ziegler aitwaye Erhard Holzkamp alipata butini tupu: ethilini mbili zimeunganishwa, hadithi imeishia hapo. Mpishi ambaye wali wake umetoka na harufu anaweza kuumwaga na kupika mwingine. Hawa walikaa kuchunguza sufuria. Ilichukua majuma ya kupekua hadi mkosaji akapatikana: mabaki ya nikeli ndani ya chombo cha chuma, kiasi kidogo mno, kilichokuwa kikiukata mnyororo kila ulipoanza.

Hapa ndipo ninapomvulia Ziegler kofia. Angeweza kuandika onyo kwamba vyombo vioshwe vizuri, mambo yakaisha. Yeye alijiuliza: kama chembe za metali moja zinaweza kuuzuia mnyororo, metali nyingine zitafanya nini? Akawagawia vijana wake jedwali la elementi wapite safu kwa safu. Kromiamu ilitoa kidogo. Zirkoniamu, mikononi mwa Heinz Breil, ilitoa plastiki. Na Oktoba 1953 Heinz Martin alijaribu titaniamu: poda nyeupe ikaanza kutuama kwenye chombo cha kioo, bila bomba la shinikizo, kwa joto la kawaida la chumba. Minyororo ilikuwa mirefu na minyoofu, karibu haina tawi. Dumu la njano linalobeba maji na mafuta ya kula kila kona ya Afrika Mashariki ni uzao wa mstari huu: polithini ngumu, inayostahimili kuangushwa na kuburutwa.

Lakini ethilini haina kushoto wala kulia. Ni kaboni mbili na haidrojeni nne, sawasawa pande zote. Hata ukiiunganisha ukiwa umefumba macho mnyororo utakuwa uleule. Swali la ubavu lilimngoja mtu mwingine, ng'ambo ya milima ya Alpi.

Giulio Natta alikuwa profesa kwenye chuo cha Politecnico cha Milano, mtaalamu wa kusoma fuwele kwa miale ya eksirei. Kampuni ya Montecatini, iliyokuwa na mkataba na Ziegler, ilikuwa inamgharamia, na vijana wa Kiitalia walikuwa wamekwenda Mülheim kujifunza. Natta alichukua titaniamu ya Ziegler, lakini akaacha ethilini akaingiza propilini, gesi ya viwanda vya mafuta ambayo wakati huo haikuwa na kazi kubwa. Tarehe 11 Machi 1954 aliandika kwenye shajara yake kwamba polipropilini imepatikana. Maneno machache tu, bila mbwembwe.

Propilini ni ethilini yenye mkia: kaboni ya tatu imening'inia pembeni. Mkia huo unabadilisha kila kitu. Fikiria foleni ndefu ya watu wanaotoka kisimani, kila mmoja na ndoo moja. Wakati mwingine wote wameshika ndoo mkono wa kulia. Wakati mwingine wanapishana, huyu kulia, anayefuata kushoto, foleni nzima. Na wakati mwingine kila mtu ameshika anavyojua mwenyewe. Mnyororo wa mikia elfu moja unaweza kupangwa kwa njia ambazo idadi yake, ukiiandika, ina tarakimu zaidi ya 300. Kati ya hizo zote, zenye nidhamu kamili ni zile mbili za mwanzo.

Kilichotoka kwenye chombo cha Milano kilikuwa bonge linalonata. Natta na wenzake walilichemsha katika viyeyusho tofauti, kimoja baada ya kingine. Sehemu iliyoyeyuka ilikuwa ulimbo, inashika vidole, haina faida ya maana. Iliyogoma kuyeyuka ilikuwa poda nyeupe, na poda ile ilistahimili joto hadi kwenye nyuzi 160 na ushei kabla ya kuyeyuka. Paolo Corradini aliipiga picha kwa eksirei, na picha ilionyesha nidhamu: mnyororo umejizungusha kama parafujo, vipande vitatu kwa kila mzunguko, mikia yote ikiwa na mkao mmoja. Isingeweza kujisokota hivyo kama ndoo zingeshikwa ovyo.

Majina ya mipangilio hii hayakutoka kwa mkemia. Mke wa Natta, Rosita Beati, alikuwa msomi wa fasihi, na ndiye aliyekwenda kwenye Kigiriki akarudi na maneno ambayo wakemia wa dunia nzima wanayatumia mpaka leo: isotaktiki kwa foleni ya mkono mmoja, sindiotaktiki kwa inayopishana, ataktiki kwa isiyo na mpango.

Geuza ndoo au beseni la plastiki nyumbani kwako utazame kitako chake. Mara nyingi utakuta pembetatu ndogo yenye namba 5 ndani. Hiyo ni isotaktiki. Nyuzi bapa za kiroba cha mchele ni hiyo, mikeka ya rangi inayotandikwa misibani na harusini mingi ni hiyo, na hata mifuko ile ya kitambaa-kitambaa iliyoshika nafasi ya rambo baada ya marufuku, ingawa wengi wanaibeba wakiamini wameachana na plastiki. Ndoo hiyohiyo ingetengenezwa kwa ataktiki, yenye atomu zilezile kwa idadi ileile, ingekuwa gundi kwenye sakafu.

Sasa, titaniamu inajuaje? Metali haina macho. Jibu lilianza kupata sura mwaka 1964, Piet Cossee na E. J. Arlman wa maabara ya Shell huko Amsterdam walipochora picha ambayo, kwa marekebisho, bado inafundishwa. Kichocheo cha Natta kilichofanya kazi vizuri zaidi kilikuwa fuwele ya zambarau ya titaniamu na klorini. Ndani ya fuwele kila titaniamu imezungukwa na klorini sita, haina pa kupumulia. Lakini ukingoni, mahali fuwele inapokatika, titaniamu inapungukiwa na jirani. Hapo pana nafasi mbili zilizo ubavu kwa ubavu: moja imekaliwa na mnyororo unaokua, nyingine iko wazi. Propilini inaingia kwenye ile iliyo wazi, inashikwa, kisha mnyororo unaruka kutoka kiti chake na kuunganika nayo. Kiti cha zamani kimebaki wazi. Mgeni mwingine anaingia.

Propilini inaweza kukaa mkia ukiwa juu au chini. Kwa muda watu walidhani kwamba klorini za jirani ndizo zinazousukuma mkia wa mgeni. Corradini, yule wa eksirei, na wenzake baadaye walionyesha kwamba mambo yamezunguka zaidi, na mimi napenda uzunguko huo. Panda daladala iliyojaa. Ukuta haukugusi wewe unayeingia. Unambana aliyekwisha kukaa, naye kwa kubanwa anaegemea upande mmoja, na wewe huna budi kukaa kwa kumkwepa. Ndivyo ilivyo hapa. Klorini zinaubana mnyororo uegemee upande mmoja, na propilini inayoingia inaelekeza mkia wake upande wa pili kuukwepa mnyororo. Amri ya ukuta inafika kwa mgeni kupitia kwa abiria aliyetangulia. Mara elfu, mara elfu kumi, kwa kukosea mara chache sana.

Fuwele, hata hivyo, ni mji na si nyumba. Ina kingo za kila namna, nyingine zinabana vizuri, nyingine zimelegea, na zilizolegea zilitoa ule ulimbo. Viwanda vya mwanzo, kuanzia kile cha Montecatini mjini Ferrara mwaka 1957, vililazimika kuuosha ulimbo na mabaki ya kichocheo kutoka kwenye kila shehena. Baadaye titaniamu ilitandazwa juu ya kloridi ya magnesiamu na kuongezewa molekuli ndogo zinazoziba nafasi mbovu, hadi gramu moja ya kichocheo ikawa inatoa makumi ya kilo za plastiki na kuosha kukaachwa.

Ziegler na Natta waligawana Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1963. Urafiki wao ulikuwa umeingia ufa, kwa kuwa Ziegler aliona Mwitaliano amekimbilia propilini bila kumweleza. Natta tayari alikuwa na ugonjwa wa Parkinson na alihitaji kushikwa mkono kwenye sherehe. Na wakati dunia inawapigia makofi, huko Marekani ugomvi mwingine wa hataza ulikuwa ukiendelea: Paul Hogan na Robert Banks wa kampuni ya Phillips, huko Bartlesville, Oklahoma, walikuwa wamekwisha kuona polipropilini ya fuwele mwaka 1951 kwa kichocheo cha kromiamu. Phillips ilipewa hataza yake Marekani mwaka 1983. Kufikia hapo ndoo za kwanza zilikuwa zimekwisha kupasuka, na watoto waliozaliwa pamoja nazo wameoa.

Kisa cha nikeli kilijirudia Hamburg katika miaka ya 1970, safari hii kwa maji. Hansjörg Sinn na Walter Kaminsky walikuwa wakichunguza metalosini, molekuli ambazo metali kama titaniamu au zirkoniamu imelala kati ya pete mbili za kaboni, mfano wa nyama kati ya chapati mbili. Zilikuwa vichocheo dhaifu. Kila mwanafunzi alijua kwamba maji yanaiua misombo ya aluminiamu inayoambatana nazo. Siku maji yalipoingia, kichocheo kilichapa kazi badala ya kufa. Maji kidogo yalikuwa yameibadilisha aluminiamu kuwa msombo mpya wenye oksijeni, na msombo huo ndio ulioiamsha metali.

Faida kubwa haikuwa kasi. Katika metalosini kila atomu ya metali inaishi katika nyumba yenye ramani moja, na ramani hiyo mkemia anaweza kuichora mwenyewe. Hans Brintzinger wa Konstanz alizifunga pete mbili kwa daraja fupi ili zisizunguke. Sasa chumba cha metali kilikuwa na umbo la kudumu. John Ewen wa kampuni ya Exxon alikitumia mwaka 1984 na kupata isotaktiki, ikichanganyika na ataktiki kwa sababu sampuli yake ilikuwa na maumbo mawili ya molekuli. Mwaka uliofuata Kaminsky na Brintzinger walitumia umbo moja tu, la zirkoniamu, na kupata isotaktiki.

Kumbuka kwamba mnyororo unahama kiti kila unaporefuka: leo kushoto, kesho kulia, keshokutwa kushoto tena. Katika molekuli ya Brintzinger, ukiigeuza nusu mzunguko inarudi ileile; kiti cha kushoto na cha kulia vinabana kwa namna moja, kwa hiyo kila mgeni anapata amri moja. Je, viti vikiwa kama uso na sura yake kwenye kioo? Hapo kiti kimoja kitaamuru mkia huku na kingine kule, na kwa kuwa mnyororo unahama kila mara, amri zitapishana bila kukosa. Ewen, akiwa sasa katika kampuni ya Fina, alitengeneza molekuli ya namna hiyo mwaka 1988. Sindiotaktiki ilitoka. Natta na wenzake walikuwa wameipata kwa vanadiamu katika baridi kali. Ewen aliichora kwanza kwenye karatasi. Sokoni haikuipiku isotaktiki, lakini kwa mtu anayetaka kujua kama binadamu ameelewa anachofanya, sioni ushahidi ulio bora zaidi.

Mwaka 1995 Geoffrey Coates na Robert Waymouth wa Chuo Kikuu cha Stanford waliondoa daraja. Pete za kichocheo chao zilizunguka polepole, chumba kikawa mara kinabana, mara kinalegea, wakati mnyororo unaendelea kukua. Walipata mnyororo wenye vipande vya nidhamu na vipande vya fujo kwa zamu: vigumu vinashikamana, vilaini vinavutika. Kutoka gesi ileile ya ndoo walikuwa wamepata kitu kinachonyooka na kurudi, kama mpira.

Na mpira wenyewe? Haukungoja mpaka hapo. Katikati ya miaka ya 1950 kampuni ya Goodrich ya Marekani ilitia isoprini kwenye kichocheo cha titaniamu cha aina ya Ziegler, na mnyororo ukatoka karibu wote ukiingia na kutoka upande uleule, jamaa wa damu wa utomvu wa mbungo. Natta na wenzake walitumia vanadiamu. Isoprini ileile, aluminiamu ya pembeni ileile, metali moja tu imebadilishwa, na kilichotoka ni mnyororo wa pili, unaoingia upande mmoja na kutokea mwingine. Viwanda viliutumia kwa maganda ya mipira ya gofu, ambayo zamani yalitengenezwa kwa utomvu wa miti. Waya wa bahari wa siku hizi umevikwa polithini. Gutapecha ya mti imebaki na kazi moja isiyoisha: daktari wa meno anapoziba mzizi wa jino, kile kijiti chembamba cha waridi anachokipasha moto na kukisukuma ndani ni hiyo.